Wanatakiwa Watu wa Mitandao

Mke wangu ni fundi wa kuunganisha kompyuta za maofisi, na kazi hiyo aliisomea hadi akaiva. Lakini tangu kampuni yake ya zamani ifungwe, alikuwa amekaa nyumbani, anaomba kazi huku na huku, hajibiwi. Mwishowe kaka yangu akamwambia aje auze magodoro dukani kwake, aanze Jumatatu. Akakubali. Mimi sikufurahi hata kidogo. Shemeji yake ni mtu mwema na godoro ni kitu cha heshima, ila nilimwona anavyofungasha koleo na vifaa vyake kimyakimya ili akavigawe, roho ikaniuma.

Ijumaa ile nilikuwa na kazi ya mapazia. Mimi ni fundi cherehani, na sioni haya kusema kwamba mapazia nayaweza. Kampuni moja ya kufunga mitandao ilikuwa imehamia jengo jipya, ikaniita nipime madirisha. Katika chumba cha mwisho nilimkuta bosi wao, mama mmoja aliyepandisha miwani kichwani, anasaili watu wa kazi. Akaniambia nipime tu, nisijali, maana hata hao anaowasaili wanampotezea muda. Wiki nzima anatafuta watu wanne wa mitandao na hapati hata mmoja. Wataalamu wamekwisha, akasema, tena kwa uchungu.

Nikaendelea kupima. Masikio yangu, lakini, hayana adabu.

Aliingia bwana mmoja, viatu vinang'aa. Bosi akamwuliza ana uzoefu gani wa mitandao. Akajibu kwamba wafuasi wake hawahesabiki, na wengine wanamfuata hata asipoandika kitu. Akaja dada mmoja, akasema yeye mitandaoni ndiko anakolala na kuamka, kisha akamwomba bosi asogee kidogo dirishani, mwanga ule unampendeza, ampige picha. Wa tatu aliulizwa angefanya nini mtandao ukikatika ofisini. Akafikiri sana, akasema angenunua bando.

Hapo nilishindwa. Niliangua kicheko hadi futi ikaniponyoka mkononi. Bosi akanigeukia amekunja uso. Kwa adabu yote niliyoweza kuikusanya, nikamwuliza tangazo lao liliandikwaje. Akanielekeza mlangoni, lilikobandikwa: wanatakiwa watu wa mitandao, wachangamfu. Hilo neno la mwisho aliliongeza mwenyewe, ili lipendeze.

"Mama," nikamwambia, "huku nje mtu wa mitandao ni mtu wa kupiga picha na kuchekesha watu. Fundi wa nyaya akisoma hivi, anapita zake."

"Umejuaje?"

"Mke wangu ni fundi wa nyaya. Nakala ya tangazo hili aliisoma barabarani, nikiwa naye. Akaniambia, hawa hawanitafuti mimi."

Bosi akashusha miwani, akalisoma tena tangazo lake mwenyewe, midomo inamcheza. Kisha akacheka, kicheko cha kushika mbavu, hadi dada wa picha akachungulia kujua amepitwa na nini. Alipotulia aliniuliza huyo mke yuko wapi. Nikampigia simu palepale, nikamwambia aje na vifaa vyake na asiulize maswali. Aliuliza maswali mpaka salio likaisha.

Alipofika, bosi hakumkalisha kitini. Alimpeleka chumba cha mitambo, ambako nyaya zilikuwa zimerundikana tangu wahamie, akamwambia aonyeshe anachojua. Mimi nikawafuata na futi yangu, nikijifanya napima dirisha. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Bosi akiita "Fundi," tunaitika wawili.

Mke wangu alipiga magoti, akaanza kukata, kubana na kujaribu, waya mmoja mmoja, huku anaimba kwa pua. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu akae nyumbani, na machozi yalinilengalenga. Taa ndogo za kijani zikaanza kuwaka. Chumba cha pili mtu akapaza sauti kwamba kompyuta yake imepata mtandao.

Bosi akampa mkono na kazi papo hapo. Kisha akamwuliza mafundi wenzake wamejificha wapi, maana bado anataka watatu.

"Hatujajificha," mke wangu akasema. "Tuliosoma pamoja karibu wote tuko majumbani. Mmoja anafuga kuku, mwingine anauza juisi. Niwaite?"

"Waite leo," bosi akasema, akaenda kulibandua tangazo.

Wakaja, nafasi zikajaa, wengine wakaambiwa wasubiri. Kaka yangu tulipompa habari alifurahi kwa dhati, ingawa ndiye aliyebaki na uhaba wa wafanyakazi.

Siku yake ya kwanza kazini, mke wangu alirudi jioni na vumbi la dari kichwani, akajitupa kwenye kiti, viatu miguuni.

"Nimechoka, mume wangu," akasema, huku anacheka. "Nimechoka hasa."

Akalirudia neno hilo mara kadhaa, akilionja, nami nikaenda kumwekea maji ya kuoga.