Mama Tampo

"We Mama Rosette, sema ukweli! Nani alikupa tampo?" Clarisse alinipigia kelele, kidole chake karibu na pua yangu. "Batu bote kule inje banasema banataka Mama Tampo. Sekretere ni mi, na tampo iko ndani ya meza yangu!"

"Sikugusa muhuri wako," nikamjibu. "Na shusha hicho kidole."

Kisa chote kilikuwa neno. Nilipofika Baraka nikikimbia vita kutoka Swima, na watoto wanne mgongoni na mikononi, wafanyabiashara walikuwa wanafunga milango, hakuna aliyetoa kazi. Metre Déogratias, avoka, yaani wakili, aliitazama diploma yangu, akawatazama watoto, akasema, "Anza leo." Sitalisahau hilo. Sokoni watu waliponiuliza ninafanya kazi wapi, nikajibu kwa fahari: kwa avoka, mi ni tamporere, mtu wa kontra, mkataba wa muda. Wao wakasikia "tampo". Niliwasahihisha mpaka nikachoka. Jina likawa limeshika.

Metre akatoka ofisini kwake. Hakucheka.

"Mama Rosette, kontra yako inaisha leo. Nilitaka kuirefusha. Lakini kama umewaambia batu wewe ndiye unapiga tampo, utaenda nyumbani."

Nilifikiria sufuria ya watoto.

"Sikuwaambia hivyo, Metre. Wako hapo. Waulize."

Akafungua mlango. Kwenye benchi alikaa Koko Immaculée, bibi ambaye mwanawe alifungwa na askari, pamoja na akina mama wengine.

"Koko, humu ndani nani iko na tampo?"

"Si ule wa kucha nyekundu?" Akamwonyesha Clarisse. "Anapigaka kama anaua panya."

Benchi zima likacheka.

"Sasa mbona munamwita huyu Mama Tampo?"

"Metre, jina ni jina. Nduguye bwana yangu ni mufupi, tunamwitaka Murefu. Na weye mwenyewe, unajua tunakuitaka nani?"

"Koko, wacha!" mmoja akamvuta kitenge.

"Nawacha. Lakini huyu mama akikuambia rudi kesho, kesho unamukuta. Siku masasi ya bunduki ililia, bote mulikimbia. Tulimukuta yeye peke yake, anatuandikia maneno yetu vile tuliyasema. Ukimufukuza, mi namufuata kwake."

Metre akanigeukia.

"Ingiza karatasi kwa mashine, Mama Rosette. Kontra ingine. Na usiandike tena neno tamporere: unabaki."

Nikaandika papo hapo, macho yakinilowa, bila kukosea herufi. Metre akatia sahihi. Clarisse akautoa muhuri wake, akanitazama, akapiga: pu! Kweli, kama anaua panya.

"Asante, Metre. Asante na wewe, Clarisse."

"Usizoee," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Nikafungua mlango.

"Koko, ingia. Tuanze na mutoto wako."