Kweupe Mbele ya Daraja

Mhandisi wa barabara alipigiwa simu na dada yake, aliyekuwa garini na mama yao. Mama alikuwa akipelekwa kupasuliwa jicho, na daktari alikuwa amesema wazi: atamsubiri hadi saa nne, kisha anasafiri, na nafasi nyingine ni mwakani. Dada alikuwa anakaribia njia ya kuchepukia barabara ya zamani na huko mbele aliona taa za breki. Achepuke au aendelee na barabara kuu?

"Profesa, nataka jibu, sitaki somo," alisema dada, aliyezoea kumwita hivyo.

Mhandisi alikuwa peke yake katika chumba cha kuangalizia barabara. Skrini ilionyesha namba tatu kutoka kifaa kilichofukiwa kwenye lami, kilomita moja baada ya kulipita daraja. Kasi: tisini. Magari yanayopita kwa saa: mia saba na ishirini. Kwa hiyo katika kilomita nzima mlikuwa na magari manane. Modeli ya kubashiri foleni aliyoijenga mwenyewe ilisimama juu ya kanuni moja: penye foleni magari hubanana na kasi huanguka. Hapa hayakubanana, na kasi haikuanguka.

"Endelea," alisema. "Mbele ni kweupe."

Kabla hajamaliza chai yake, simu ililia tena. Walikuwa wamesimama chini ya daraja. Aliuliza kama wamesimama kweli au wanakwenda polepole. Dada alimjulisha kwamba dereva wa mbele ameshuka na anafuta kioo, tena kwa utulivu.

Mhandisi alikizima kifaa na kukiwasha upya. Tisini. Alizidisha kasi kwa msongamano, yale magari manane ya kila kilomita. Jawabu lilikuwa mia saba na ishirini zilezile kwa saa, bila kupungua hata gari moja. Kifaa kibovu hakipatani na hesabu hivyo. Akafungua takwimu za jana, saa kama hiyo: magari elfu moja na mia sita. Leo hayakufika hata nusu. Mwanzoni uchache huo wa magari ulimfurahisha. Sasa alijiuliza mengine yako wapi.

Mama alichukua simu. "Mwanangu, hao wanaokimbia tisini ni akina nani? Maana sisi tumekaa."

Jibu lilikuja kwenye redio ya askari wa barabarani: lori lilikuwa limelala ubavu kati ya daraja na kifaa, likaacha upenyo wa gari moja. Waliopenya waliikuta barabara tupu, wakakanyaga mafuta. Kifaa kilikuwa kimewahesabu hao tu, na kimewahesabu sawasawa.

Saa nne ilipita. Kisha, ghafla, kasi kwenye skrini ikashuka hadi hamsini, magari yakawa arobaini kwa kilomita, na taa ya tahadhari ikawaka. Alidhani imetokea ajali nyingine. Simu ikalia.

"Lori limeondolewa, tunatembea," dada alisema. Sauti yake haikuwa na furaha. Alikuwa amepiga simu hospitali. Daktari alikuwa ameshaondoka. Nyuma yake Mama alikuwa akiuliza kama jicho litasubiri mwakani au nalo lina safari zake.

"Tunarudi nyumbani," dada alisema. "Tupite njia ipi?"

Mhandisi alizitazama namba tatu. Zote zilikuwa sahihi. "Kabla sijakujibu," alisema, "huko mbele wewe unaona nini?"