Jumapili ya Kikombe

Jovita hakuihofia komisiyo ya pansiyo iliyotoka Bujumbura; alimhofia shahidi. Rumonge nzima, mtu pekee aliyeweza kumsaidia mumewe, Isaka, alikuwa Pasta Meshaki, na Pasta Meshaki ndiye aliyemtenga na kanisa.

Isaka alitoka jeshini mzima kwa kumtazama. Miezi michache baadaye, Jumapili ya Pasaka, mkono ulimtetemeka mbele ya Pasta kwenye Meza ya Bwana akamwaga kikombe chote, kisha akarudi kukaa akipepesuka. Watu wa Mungu hawakuhitaji daktari: mwanajeshi anayepepesuka ni mlevi, basi, na mlevi hutengwa. Naye Isaka, ambaye hajawahi kuonja hata pombe ya ndizi, akanyamaza. Aliona heri aitwe mlevi kuliko asemwe amerogwa. Wanaume nao!

Miaka ikapita ndipo daktari akaupa ugonjwa jina: ni wa neva, na hauponi. Lakini pansiyo ya mwanajeshi aliyelemaa ina sharti lake. Ugonjwa uwe umeonekana ndani ya mwaka mmoja tangu atoke jeshini, na malipo ya kila mwezi huhesabiwa tangu siku ulipoonekana. Karatasi ya daktari ilikuwa ya juzijuzi tu. Bila ile Pasaka, Isaka hana kitu.

Siku ya kikao, Madamu Niyonkuru wa komisiyo alimgeukia shahidi.

“Pasta, ile siku uliona nini?”

“Alimwanga kikombe. Alikuwa anayumba.”

“Ulisikia harufu ya pombe?”

Pasta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hasira ilimpanda Jovita. Nusura ajibu yeye.

“Hapana, Madamu. Harufu haikukuwa.”

“Ulimuuliza kama iko mugonjwa?”

“Sikumuuliza. Nilihukumu tu.”

Madamu akaandika tarehe ya Pasaka ile kwenye dosiye, jalada la Isaka, kuwa ndiyo siku ugonjwa ulipoonekana, akaisoma kwa sauti wote wasikie. Jovita alilia bila kujificha. Alikuwa amemchukia mchungaji huyu kwa miaka, na sasa hakujua aipeleke wapi chuki yake.

Nje, Pasta alimnyooshea Isaka mkono.

“Imana ishimwe, Mungu asifiwe, muzee wangu! Serikali imekubali ulikuwa mugonjwa tangu ile Pasaka.”

Isaka aliupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, yote ikitetemeka, wala hakuuachia.

“Murakoze, Pasta, asante. Na kanisa litakubali lini?”