Chumvi Chini ya Kiti

Pikipiki ya maji ilikuwa imegoma tena. Fundi alibonyeza kitufe, ikanung'unika kidogo, ikanyamaza. Ilikaa juu ya toroli lake katikati ya banda, imejitanua, hata mtu akitaka kwenda mlangoni lazima apite ubavuubavu kama mwizi.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, mwanamke yule, na hakuna aliyemshinda kwa injini. Pikipiki ilikuwa ya kaka yake, aliyeikodisha kwa wageni. Kaka huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki, na kwa ajili ya kulea huko hakuoa. Sasa mume wa Fundi alikuwa amehamia mji mwingine kikazi, kapanga nyumba, katundika hadi mapazia. Fundi alimwambia kaka yake: pikipiki ikiwaka vizuri, ndipo nitaondoka. Aliahidi huku anacheka, akidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ahadi ni deni, na hii ilikuwa imemkaba koo.

Akaanza upya. Betri ilikuwa na moto wa kutosha. Fyuzi nzima. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akabonyeza: cheche ilikuja kwa mashaka, mara ipo, mara haipo. Basi umeme ulikuwa unapotelea njiani. Aling'oa kiti, akapenyeza mkono hadi begani kwenye uwazi ambao aliyeubuni hakika hakuwa na mikono, akaivuta soketi ya nyaya za koili, ile inayoipa plagi umeme, na kuitenganisha.

Ndani kulikuwa na kutu ya kijani.

Fundi alikaa chini. Soketi ile aliisafisha mwenyewe mara ya mwisho, akaijaza grisi mpaka ikafurika, kisha akafuta ya ziada kwa dole gumba, ndiyo desturi yake. Sasa grisi haikuwepo hata chembe. Na tangu siku ile pikipiki haikutoka bandani wala haikuonja bahari. Akagusa kutu kwa kidole, akakiweka ulimini. Chumvi. Pembeni kulikuwa na punje nene ambazo hazijayeyuka, zilezile za kopo la jikoni.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wanavyosema; lakini hawakuambii ufanyeje ikiwa nguo yenyewe unaipenda.

Kaka aliingia na vikombe vya chai. "Umeona nini, mdogo wangu?"

"Kutu."

"Hewa ya bahari hiyo. Ina chumvi mbaya."

"Hewa haifungui soketi, Kaka. Wala haifuti grisi."

Kaka aliviweka vikombe juu ya kasha la zana, taratibu mno, akavigeuza mpaka vishikio vikaelekea upande mmoja. "Kunywa kwanza, itapoa," alisema, akatoka kusimama mlangoni, kampa mgongo.

Hasira zilimpanda Fundi. Alitaka kumfuata amwambie maneno ambayo yakishamwagika hayazoleki. Badala yake alikwangua kila pini mpaka shaba ikang'aa, akajaza grisi, akafunga. Akavaa mkononi ile kamba nyekundu ya usalama, ambayo ikichomoka injini huzima, ili mwendeshaji akianguka majini chombo kisimkimbie. Akabonyeza.

Iliwaka. Iliwaka kwa sauti nzito isiyo na kigugumizi, banda zima likatetemeka, na moyo wa Fundi ukajaa furaha. Aliyaona mapazia ya mumewe. Kisha akatazama mlangoni. Kaka hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na mkono wake umeung'ang'ania mwimo, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Mkono wa Fundi ukaivuta kamba. Hakuutuma. Injini ikazima.

Kaka aligeuka. "Imezima tena?" Alijitahidi kutia masikitiko katika sauti, maskini, lakini uso ulikuwa umeshamsaliti.

"Imezima," alisema Fundi.

"Si kitu. Kesho tutaiangalia vizuri. Kunywa chai, mdogo wangu."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ni mumewe, na swali lake la kila jioni: Imewaka?

Fundi aliitazama kamba nyekundu inayoning'inia mkononi mwake, akajichukia. Akachukua kikombe, akanywa. Chai ilikuwa tamu sana. Kaka alijua anavyoipenda. Akaandika: Bado.