Taa ya Shavu la Kushoto

Umeme ulikatika Jumanne, saa nne na robo asubuhi, sare za shule mia moja na themanini zikiwa bado hazijapindwa. Cherehani saba zikanyamaza. Msimamizi akafungua dirisha watu wapate hewa, na upepo ukampitia usoni fundi wa kola, mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye vinundu laini mwili mzima, alivyorithi kwa baba yake. Maumivu yakampiga shavu la kushoto. Taa iliyokuwa juu yake ikawaka, cherehani zote zikaanza kunguruma, na watu wakaendelea na kazi.

Yalidumu dakika moja na nusu. Taa ilipozima, msimamizi alimletea maji.

"Pole sana, dada yangu. Lakini dirisha tuliache wazi, eh? Zimebaki sare mia moja na sabini."

Hakuwa mtu mbaya. Pole yake ilikuwa ya kweli, na dirisha aliliacha wazi kweli.

"Mwenzetu una kipaji," mshona vifungo akamtania.

"Njoo ukichukue basi, nakupa bure." Alicheka kwa upande wa kulia, maana wa kushoto haukuguswa hata na kicheko.

Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwaka huo alikuwa ameshang'olewa magego matatu, mazima kabisa, kila moja likisemwa ndilo lenye makosa. Baba yake alizikwa hana hata jino moja, na mpaka siku ya mwisho alikuwa bado ameshika shavu. Fundi alitaka kitu kimoja tu: mtu aandike kwenye cheti chake kwamba kinachouma ni mshipa wa fahamu, apelekwe kupimwa kichwa, kabla hajabaki na ufizi mtupu kama mzee wake.

Alhamisi akaenda kliniki. Huko nako umeme haukuwapo, na chumba hakikuwa na dirisha. Daktari, kijana mpole, akamgusa shavu kwa ncha ya kidole. Taa ya darini ikawaka.

"Afadhali," daktari akasema, akavuta kalamu.

"Daktari, hili sio jino," alisema fundi, machozi yakimtoka. "Si unaona mwenyewe?"

"Naona vizuri kabisa, mama. Hakuna uvimbe mpya shavuni, hakuna kidonda. Sasa niandike nini?"

Hasira zikampanda, maumivu yakazidi mpaka taa ya ukumbini nayo ikawaka. Muuguzi aliyekuwa akipapasa njia huko nje akasema ahsante. Daktari akaandika bila haraka, kwa mwandiko mzuri: gego la nne, kushoto, litolewe.

Maumivu yakaanza kupoa, na mwanga ukafifia juu ya karatasi.

"Vumilia kidogo tu, mama," daktari akasema, akinyoosha tena kidole. "Bado sijaweka sahihi."