Sikio la Kushoto

Redio ilikuwa ya kwanza kuumia. Mkewe aliizima ili wale kwa utulivu, na utulivu ndicho kitu ambacho Nyundo hakukiweza tena. Nyumba iliponyamaza, ule mlio wa sikio la kushoto ulijitokeza, mwembamba, mkali, usiopumua, kama birika lililosahauliwa jikoni. Akaikamata redio akaitwanga ukutani. Baada ya redio ikaja zamu ya kiti, halafu mlango wa bafuni, ambao aliupiga kwa kichwa chake mwenyewe mpaka paji likapasuka. Mkewe alimfunga kitambaa bila kusema neno. Ukishamwona mumeo anagombana na mlango, unachagua maneno.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Gerejini, mtaani, hata ukweni, aliitwa Nyundo, kwa kuwa alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na kwa kuwa hasira zake zilikuwa na uzito uleule. Wateja walimvumilia hizo hasira kwa sababu ya kazi yake. Wenzake walinyoosha bati kwa macho na viganja. Yeye alinyoosha kwa sikio. Alikilaza kichwa kwenye mlango wa gari, sikio la kushoto likabanwa kwenye bati kama anayesikiliza moyo wa mtu, kisha mkono wa kulia ukaanza kugonga, kwanza polepole, halafu kwa nguvu. Bati lililofichwa puti ndani, ule udongo wa kuzibia mabonde, hujibu kwa sauti ya ubao. Bati lililokaa sawa huitika kwa sauti safi, ndefu, na mpaka aisikie sauti hiyo Nyundo hakunyanyua kichwa. Ufundi huo aliachiwa na marehemu baba yake, ambaye miaka yake ya mwisho, ukitaka akusikie, ilibidi uzunguke upande wa pili. Watu walisema ni uzee. Uzee nao hubebeshwa mengi.

Mlio ulianza lini? Hakujua. Ulikuja kidogokidogo, leo jioni, kesho asubuhi, mpaka siku moja akagundua kwamba hauondoki tena. Akaanza kumtafuta aliyeuleta. Kwa Nyundo, kitu kikiharibika lazima yupo aliyekiharibu. Gari halijibondi lenyewe.

Duka la dawa walimpa matone, yakamwashia moto sikioni na mlio ukabaki palepale. Jirani akamshauri mafuta ya uvuguvugu, mlio ukaendelea, tofauti ikawa kwamba sasa uliendelea ndani ya mafuta. Mama muuza chai wa pale gerejini akamwambia kwa utani, "Sikio likilia, unasengenywa." Angejua, angeuma ulimi. Nyundo aliiweka chini glasi yake ya chai, akaenda kuwauliza mafundi mmoja mmoja nani anamsema. Fundi wa kuchomelea alicheka. Akapigwa ngumi ya mdomo, akaanguka kwenye rundo la matairi, akapoteza jino kwa jambo ambalo hakulisema.

Ndipo mkewe alipomshika mkono na kumpeleka kwa daktari wa masikio, mama mtu mzima asiye na haraka. Alimchungulia kwa taa, akamvisha vipokea sauti, akamwambia anyooshe kidole kila akisikia mlio.

"Ninausikia muda wote," Nyundo alisema. "Ninyooshe kidole mpaka lini?"

Daktari hakukasirika. Alipomaliza alivua miwani. "Ngoma ya sikio lako ni nzima. Kilichoumia ni huko ndani zaidi, kwenye mishipa ya kusikia. Mara nyingi huwa ni kelele."

"Kelele za gereji zinaingia masikio yote mawili, daktari. Mbona linalia moja?"

"Hilo hata mimi najiuliza. Ukiwa kazini, sikio hili linakuwa wapi?"

"Kichwani," alisema Nyundo.

Mkewe aliinamisha uso kwa aibu. Daktari alitabasamu kidogo, akauliza la pili. "Je, umewahi kupigwa upande huo? Kofi, ngumi, kuanguka?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Maswali yalikuwa mawili, na mtu yule akaondoka na moja. Njiani alimtangulia mkewe hatua kadhaa. Alikuwa amekumbuka kofi.

Kofi lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe, mpiga rangi wa gereji ileile. Siku hiyo shemeji alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupuliza rangi ubavu wa gari, rangi mbichi inang'aa, na Nyundo kwa ukaidi tu akaanza kusaga chuma hapo jirani. Vumbi lote likaenda kunasa kwenye rangi. Wakatukanana mpaka wakafika kwa mama zao, na hapo shemeji akamzaba. Wakashikana, wakaamuliwa. Jioni ile mke aliwakalisha wote wawili mbele ya sahani moja, akawaambia wale kwa mikono. Walipomaliza alisema, "Leo nimewapatanisha. Siku mtakayoinuliana mikono tena, atakayeondoka ni mimi. Sitakuwa uwanja wenu wa vita." Wote wawili walijua kwamba mwanamke yule hasemi kitu mara mbili.

Sasa Nyundo akajiuliza lile kofi lilitua wapi. Akili yake ikamjibu upesi, kama mfanyakazi anayetaka kumfurahisha bosi: kushoto. Na mlio ulianza lini? Baada ya kofi, bila shaka. Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia, na akaona raha ya ajabu kifuani. Kwa mara ya kwanza mlio ulikuwa na uso, na uso huo ulikaa mita chache tu kutoka sehemu yake ya kazi.

"Unawaza nini?" mkewe alimuuliza.

"Siwazi kitu."

"Nakujua. Unasaga meno."

"Nimesema siwazi kitu."

Kesho yake alimkuta shemeji amepiga magoti mbele ya boneti, barakoa usoni, kipulizio cha rangi mkononi, mkono wa kushoto, kama siku zote. Kompresa ilikuwa inanguruma. Nyundo aliukanyaga mpira wa hewa, akauvuta kwa nguvu zote, kipulizio kikamponyoka shemeji na kumwaga rangi nyekundu sakafuni. Shemeji aligeuka kuona nani anamchezea. Alikutana na kiganja.

Kiganja cha mtu anayenyoosha vyuma kutwa si kiganja cha kawaida. Kilitua chote kwenye sikio la kushoto la shemeji, kikamwangusha juu ya boneti, na rangi mbichi ikamshika shavu. Shemeji alijaribu kusimama. Nyundo akamrudia palepale. Shemeji alipapasa sakafuni, akakipata kipulizio, akakirusha kwa upofu, kikamchana Nyundo juu ya jicho. Hiyo ikawa kama petroli kwenye moto. Nyundo alimkamata shingo ya ovaroli, akamgongesha kichwa kwenye bampa, akamgeuza, akatafuta sikio lilelile, akapiga tena, na tena, huku akihema kama yuko kazini. Yule fundi wa kuchomelea, pengo na yote, ndiye aliyemrukia mgongoni. Wakaja na wengine, wakamng'oa.

Shemeji alikaa chini akiegemea tairi. Damu ilimtoka sikioni, ikachuruzika shingoni, ikachanganyika na rangi mpaka haikujulikana ipi ni ipi. Barakoa ilikuwa imemning'inia kidevuni.

"Nimekukosea nini?" aliuliza.

"Sasa tuko sawa," alisema Nyundo. "Na wewe ukausikie."

"Sema kwa sauti. Sisikii."

Watu wazima waliokuwa pale walitazama chini. Nyundo alisimama akiwa ameshikiliwa mikono yote miwili, akingoja. Aliamini kabisa kwamba mlio sasa utakatika, kwa kuwa mwenye mlio amepatikana na ameadhibiwa. Aliungoja ukatike kama mtu anayengoja umeme urudi. Ulizidi. Ulipanda mpaka akaona meno yanamuuma.

Alipofika nyumbani jioni mkewe alikuwa anakunja nguo. Begi lilikuwa wazi kitandani, na yeye alikuwa anakunja taratibu, mkono kwa mkono, pindo kwa pindo, jambo lililomtisha Nyundo kuliko makelele.

"Ngoma ya sikio imepasuka," alisema mke. "Wamenipigia simu toka hospitali, huenda lisisikie tena."

"Yeye ndiye aliyeanza. Lile kofi lake ndilo lililoniletea haya."

"Nilisema nini siku ile ya sahani moja?"

"Mke wangu, hujui ninavyoteseka."

"Sijui? Kitambaa nilikuwa nafunga kichwa cha nani?" Alifunga zipu ya begi. "Nakuuliza, nilisema nini?"

Mke alibeba begi, akaenda kumuuguza kaka yake. Safari hii Nyundo hakuvunja kitu. Alikaa kitandani, akaogopa, na woga wake ulikuwa na sauti.

Zilipita siku. Gari za watu zilimngoja, naye alizipiga vibaya, bila moyo. Mafundi walipita mbali naye. Mama muuza chai alimwekea glasi juu ya ndoo na kuondoka kabla hajafika. Alimtaka mkewe arudi, hakutaka kingine, na usiku na mchana aliwaza ni kitu gani anaweza kukitoa kiwe na uzito wa sikio.

Kisha asubuhi moja shemeji alikuja gerejini kuchukua vifaa vyake. Alikuwa amezibwa pamba sikio la kushoto, na shavu lake bado lilikuwa na wekundu wa rangi iliyokataa kutoka. Dada yake alikuwa pamoja naye, amemshika mkono wakati wa kuvuka barabara kama anavyoshikwa mtoto. Hakumtazama mumewe. Nyundo alikuwa mbele ya mlango wa gari uliofungwa kwenye stendi, nyundo mkononi. Aliiweka chini, akawaendea.

"Shemeji, nipige," alisema.

Shemeji aligeuza kichwa ili amletee sikio zima. "Unasemaje?"

"Nipige. Palepale uliponipiga siku ile, kwa nguvu zilezile, mbele ya dada yako. Zaidi ukitaka. Halafu yaishe, mke wangu arudi nyumbani."

"Mimi simo," alisema mkewe. "Langu nilishasema."

Gereji nzima iliacha kazi. Shemeji aliweka chini kipulizio alichokwisha kukichukua, akajifuta kiganja kwenye suruali, na usoni mwake ikaonekana wazi kwamba alikuwa ameiota siku hiyo. Nyundo alifumba macho, akatega shavu la kushoto, akakaza meno.

Kofi lilitua kulia.

Lilikuwa kofi la kweli, lilimpeleka hatua mbili pembeni na kumjaza damu mdomoni. Lakini lilitua kulia. Nyundo alifumbua macho, akatema mate, akashika shavu ambalo hakulitega.

"Si huku," alisema. "Nimekwambia uliponipiga siku ile."

"Ndiyo hapo. Mkono wangu ni huu." Shemeji alinyanyua mkono wa kushoto, kucha zimejaa rangi. "Tukitazamana, kofi langu litafika wapi tena?"

"Miaka yote mnafanya kazi pamoja," alisema mkewe, "unampa makopo mkono huo, umekula naye sahani moja akila kwa mkono huo."

Nyundo alijua. Kila mtu pale alijua. Alikuwa akijua hata wakati kiganja chake kilipokuwa hewani, na hasira ikamzuia asikumbuke. Alimtazama shemeji, akaitazama ile pamba, akajifuta damu mdomoni. Mkewe alimngoja kidogo, kwa haki ni lazima isemwe kwamba alimngoja. Halafu akaokota kipulizio, akamshika kaka yake mkono, wakaanza kutoka.

Mtu asiyejua la kufanya hurudia kazi yake. Nyundo aliirudia stendi, akachukua nyundo, na kichwa chake kikainama chenyewe kama kilivyoinama kila siku tangu ujana wake. Sikio la kushoto likabanwa kwenye bati. Mkono wa kulia ukapiga.

Mlio ulilipuka. Ulimwingia mpaka nyuma ya jicho, mkali, mwembamba, uleule. Akakumbuka daktari alivyomuuliza kwa upole sikio hili linakuwa wapi, na alivyojibu akijiona mjanja. Akamkumbuka baba yake mezani, akigeuza kichwa kuwatafuta watoto wake kwa sikio la kulia. Akapiga tena, kuhakikisha, na mlio ukapanda tena, ukimwitikia mkono wake.

Nyundo ikamdondoka. Alinyanyua kichwa, akawaona wamefika barabarani, wamesimama wakingoja magari yapite, shemeji amempa ubavu wa kushoto.

"Shemeji," aliita. Akaita tena, kwa sauti yake yote. "Shemeji, ni mimi. Nimejifanyia mwenyewe."

Shemeji hakugeuka. Upande ule hakukuwa na cha kumsikia. Mkewe alisikia, alionekana amesikia, mabega yake yalishtuka. Magari yakapungua, akamshika kaka yake vizuri zaidi, wakavuka.