Jembe la Nkwabi, Wimbo wa Rhoda

Nkwabi, Baba Adam, alistaafu mgodini Geita, akarudi kwao Kishapu na simu mpya na kichwa kilichovimba hadi kofia ikakataa kazi. Siku kikundi cha ngoma cha Rhoda, Mama Blessing, kilipolima shamba la jirani kwa nyimbo, naye alishika jembe, akaitikia, akala makande. Kisha akaurekodi wimbo mpya wa Rhoda mwanzo mpaka mwisho, akauweka mtandaoni. Katikati ya picha: NKWABI TV. Chini: "Sina nia ya kuvunja haki ya mtu."

Zakia, mwenye studio ya muziki pale senta, akamsimamisha. "Shikamoo, Baba Adam. Mama Blessing umemwomba?"

"Marahaba. Nimwombe nini? Jembe nimeshika, kiitikio nimeitikia. Aliyelima hanyimwi chakula!"

"Makande umekula. Wimbo una mtunzi. Ungeonyesha kipande kifupi, ukakieleza, ukamtaja mwenyewe, hapo tungebishana. Wewe umebeba chungu na mafiga."

"Si nimeandika sina nia?"

"Mwizi akiandika hivyo zizini, ng'ombe wanarudi?"

Nkwabi akacheka, akaenda zake.

Siku ya mashindano ya ngoma, manju wawili, watunzi wanaoongoza nyimbo, Rhoda na mpinzani wake, walisimama pande mbili za uwanja. Atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Watu walijaa hata inzi wakapanga foleni ya kutua. Rhoda alikuwa ameutunga wimbo ule kwa siku hii hii. Shambani aliujaribu tu. Alipoanza, vijana wakazomea: "Wa Nkwabi huo! Tumeuona kwenye simu! Mwizi!" Watu wakaanza kuhamia upande wa pili.

Rhoda aligeuka. Alimtazama Nkwabi tu, naye akatamani apate duara, shimo refu la wachimbaji, ajitose humo. Akajipenyeza hadi kwenye kipaza sauti.

"Wimbo ni wake. Mimi nimeuchukua bila kuomba, nikabandika jina langu."

Kicheko kilichofuata kilimchoma kuliko viboko. Na Rhoda, kama manju yeyote aliyechokozwa, akatunga papo hapo:

"Nkwabi kashika jembe, kavuna sauti yangu,
Kofia yake pana, aibu haifuniki!"

Uwanja mzima ukarudi kwa Rhoda, ukiitikia.

Baadaye Rhoda alimfuata Nkwabi, jasho likimtiririka. "Ule ufute, baba. Huu wa leo nakuruhusu. Urushe mzima, uandike mtunzi."

Nkwabi akafuta ule wa kwanza, akaurekodi huu mpya, akaurusha, akaandika RHODA kwa herufi kubwa. Jina lake hakulibandika. Lilikuwa ndani ya wimbo, na siku hizi akienda sokoni hupitia nyuma ya mashine ya kusaga, kofia mkononi.